Yaliyonikuta Istanbul siku ya mpira

Mtu wa pwani akenda Istanbul akarudi salama, barazani huulizwa mambo matatu. Umeswali kwa Sultan Ahmed? Umemzuru Abu Ayub Al-Ansari, sahaba wa Mtume aliyezikwa kule? Na sisi umetuletea nini? Mimi niliporudi Mombasa niliyajibu yote matatu, na zile halua zao za lokum nikazigawa mpaka boksi likabaki unga mtupu. Kisha ulimi ukateleza, nikasema kwamba usiku mmoja nilikwenda kutazama mpira.

Mzee mmoja aliyekuwa kandoni mwangu alikiweka chini kikombe chake cha kahawa. "Mpira?" akauliza. "Kwani mpira hapa umekwisha?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lile nililala nalo, na haya ninayoyaandika leo ni jibu langu kwake, kwani barazani sikupata nafasi ya kulijibu sawasawa.

Lazima nianzie chuoni. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tulisoma Kurani asubuhi na alasiri, na baina ya alasiri na magharibi palikuwa na kisaa kimoja ambacho maalim na uwanja wa Makadara walikuwa wakikigombania. Gozi letu lilikuwa la matambara yaliyokazwa kwa uzi wa katani. Tukilificha ndani ya mtungi uliovunjika mdomo, nyuma ya birika la kutilia udhu, na kila siku mmoja wetu alipewa zamu ya kulitoa bila kuonekana. Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na bakora, lakini bakora tuliizoea. Kilichotutia hofu ni hoja yake: kwamba mwenye kupiga mpira kwa mguu ni kama wale waliokipiga teke kichwa cha Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala. Siku aliyotukamata Makadara nilikuwa na umri wa miaka kumi. Alinichapa, hilo si kitu. Ila aliponiuliza, "Hiki ulichokipiga ni kichwa cha nani?" nililia mpaka nikatapika.

Tangu siku hiyo sikuingia tena uwanja wa mpira. Nilipokuwa mkubwa nilijua kwamba wanavyuoni wengi hawaichukui hoja ile, na nyumbani nilitazama mpira katika televisheni kama watu wengine, sauti ikiwa chini. Lakini kuingia uwanjani kwenyewe, mguu ulikataa. Marehemu baba naye alikuwa hivyo hivyo. Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, mama anasimulia kwamba baba alifunga madirisha ya nyumba kwanza, ndipo akapiga makofi.

Sasa nina mpwa wangu anayesomea uhandisi Istanbul. Siku ya tatu ya safari yangu, mwezi wa Oktoba, alinijia na habari yake.

"Mjomba, kesho nina tikiti mbili za Fenerbahçe."

Nikamwambia kwamba mimi nimekuja kuzuru.

"Ziara ni asubuhi, mjomba. Mpira ni saa mbili usiku."

Na saa mbili ya kule ni saa mbili ya hapa, kwani tangu 2016 Waturuki waliacha mtindo wa kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, nasi tukawa sawa nao mwaka mzima. Hata kisingizio cha kuchanganyikiwa na saa sikuwa nacho. Nikauliza kama tikiti haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipojua kwamba kule tikiti hainunuliwi langoni kwa kusukumana. Tangu 2014 kila shabiki wa ligi yao kuu lazima awe na kadi ya elektroniki iitwayo Passolig, imeandikwa jina lake, na mgeni huandikishwa kwa nambari ya pasipoti. Mambo hayo yaliletwa ili kupunguza fujo, kwa kuwa ukirusha chupa kamera inajua kiti hicho ni cha nani. Mashabiki wengi waliichukia kadi hiyo, wengine wakavisusia viwanja. Basi kumbe jina langu, jina la mtoto wa chuo, lilikwisha kuandikwa katika daftari la wapenzi wa mpira nami sina habari.

FERI YENYE CHAI

Uwanja wa Fenerbahçe uko Kadıköy, upande wa Asia. Ukitokea kwenye misikiti mikubwa huna budi kuvuka bahari. Tangu 2013 kuna treni ipitayo chini ya maji, lakini mpwa wangu alisema shabiki wa kweli huenda kwa meli. Tulipandia Eminönü, mbele ya msikiti uitwao Msikiti Mpya, ambao upya wake ni wa jina tu, maana ni wa karne ya 17.

Mtu aliyezoea kivuko cha Likoni hapotei pale. Msukumano ni ule ule, na watu hukimbilia mbele kabla kamba hazijafungwa vizuri. Tofauti nilizoziona ni mbili. Kwanza, katika meli yao mna viti, na mna mtu apitaye na sinia ya chai katika bilauri ndogo zilizobanwa kiuno. Ya pili ni kwamba sisi huvuka kutoka kisiwani kwenda bara, na wao huvuka kutoka Ulaya kwenda Asia, kwa dakika ishirini na kitu, huku shakwe wakiifuata meli na kudaka vipande vya mkate wa ufuta wanavyorushiwa na abiria.

Katikati ya maji nikaona jambo. Mtu mmoja alitazama nyuma, kisha akatia mkono ndani ya koti akatoa skafu ya manjano na buluu nzito, akaivaa shingoni. Mwingine akafanya vile vile. Mara ubao mzima wa juu ukawa wa manjano. Mpwa wangu akanieleza kwamba upande wa Ulaya tuliotoka ndiko kwenye makao ya Galatasaray na Beşiktaş, na si kila mtu anapenda kutembea huko na rangi za Fener shingoni. Hivyo wengi huzificha mpaka wafike baharini. Nikaukumbuka ule mtungi wetu wa nyuma ya birika.

Jina la Fenerbahçe maana yake ni bustani ya mnara wa taa. Mnara wenyewe uko katika rasi ya jina hilo hilo, si mbali na uwanja. Neno fener na fanusi yetu ni ndugu. Asili yao ni Kiyunani, ila moja lilibaki kwa Waturuki na jingine likapitia kwa Waarabu hata likatufikia sisi. Ukikaa Istanbul siku chache utaanza kuokota maneno kama hayo njiani: haber ni habari, kitap ni kitabu, vakit ni wakati, dünya ni dunia. Na refa wa mpira wanamwita hakem, neno la ukoo wa hakimu wetu. Nilidhani ni jina la heshima. Baadaye usiku ule nilisikia jinsi anavyoheshimiwa.

Pale gatini pana duka la jezi. Mwenye duka aliuliza tumetoka wapi. Mpwa wangu aliposema Afrika Mashariki, yule bwana akapiga paji la uso: "Samatta!" Mbwana Samatta wa Tanzania alichezea Fenerbahçe msimu wa 2020 na 2021, kwa mkopo kutoka Aston Villa. Masikini Samatta aliangukia msimu wa korona, milango ya viwanja imefungwa, akakimbia mbele ya viti vitupu katika uwanja ambao sifa yake kubwa ni makelele.

AMIN YA PEKE YAKE

Magharibi ilitukuta karibu na sanamu ya fahali wa shaba, mahali ambapo watu wote wa Kadıköy huagana kukutana. Tukaingia Msikiti wa Osman Ağa, ambao mara ya kwanza ulijengwa 1612. Safu zilijaa vijana. Chini ya makoti yao niliona pindo za jezi.

Imam alisoma Alhamdu kwa sauti nzuri ya kutuliza. Alipofika mwisho, mimi kwa mazoea ya zaidi ya miaka hamsini nikaivuta: "Aaaamin!"

Msikiti mzima kimya. Sauti yangu ikapanda ikazunguka kuba ikanirudia. Wenzetu wale ni Hanafi, na amin yao huisema ndani kwa ndani. Sisi Shafi huitoa mpaka ukuta uitikie. Nilijua habari hiyo tangu utotoni, nimeisoma katika vitabu, lakini ulimi haukusoma nami. Rakaa ya pili nikajizuia, ikatoka nusu. Nadhani nusu ile ilikuwa mbaya zaidi.

Baada ya kutoa salamu kijana wa kuliani kwangu aligeuka, macho yakimcheka, akanipa mkono. "Misafir?" akauliza.

"Msafiri," nikamjibu.

Kwa Kituruki neno hilo maana yake ni mgeni wa mtu, yule anayekaribishwa nyumbani. Akatutoa nje akatununulia mkate wenye kababu za kuchomwa pale pale njiani, akakataa katakata pesa zetu. Nilikula bila ya kuuliza nyama imechinjwa na nani, jambo ambalo msafiri wa Kiislamu Ulaya halipati kila siku.

Nisije nikawapaka rangi ya malaika. Njia ile ile ina mabaa, na wako waliokuwa wakiingia uwanjani na pombe kichwani, tena si wachache. Waliotoka msikitini na waliotoka baa waliungana katika barabara moja, skafu ni moja na nyimbo ni moja, wala sikumwona mtu akimkunjia mwenzake uso. Isha tuliiwahi katika kimsikiti kidogo kilichokuwa njiani.

BOBBY NA SOKSI NYEUSI

Kando ya uwanja unapita mto mdogo uitwao Kurbağalıdere, yaani kijito chenye vyura. Mpwa wangu alinisimamisha darajani akaniambia, "Mjomba, hapa mahali pana kisa chako."

Kabla ya kuwa uwanja, pale palikuwa na malisho yakiitwa Papazın Çayırı, yaani malisho ya kasisi. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliokaa Kadıköy na jirani yake Moda walikuwa wakicheza mpira hapo, na Wayunani wa mji wakacheza nao. Waislamu walisimama pembeni wakatazama. Hiyo ilikuwa zama ya Sultan Abdulhamid wa Pili, ambaye serikali yake iliogopa kila mkusanyiko wa vijana. Vijana kumi na mmoja waliovaa mavazi ya namna moja, mbele ya wapelelezi wake, walikuwa njama. Na mitaani watu wa dini walikuwa na hoja yao wenyewe. Msomaji, nadhani umekwisha kuijua. Mpira ni kichwa cha Husein.

Nilimwomba mpwa wangu airudie. Akairudia. Hoja ya maalim wangu wa Mji wa Kale, neno kwa neno, ilikuwa imetembea Istanbul kabla baba yangu hajazaliwa. Nani aliichukua kwa nani, au kama kila mji uliizua wenyewe, mimi sikuweza kujua, wala darajani pale sikuwa na nguvu za kufikiri.

Palikuwa na kijana mwanafunzi wa jeshi la majini, Fuat Hüsnü, mtoto wa jemadari wa majini. Mapenzi ya mpira yalimzidi. Alipocheza na Waingereza alijiita Bobby ili asijulikane kuwa ni Mwislamu. Kisha yeye na mwenziwe Reşat Danyal wakaunda timu ya Waislamu watupu, wakaipa jina la Kiingereza, Black Stockings, yaani soksi nyeusi, kusudi wapelelezi wadhani ni ya Waingereza. Mechi yao ya kwanza ilichezwa katika malisho yale tarehe 26 Oktoba 1901, dhidi ya Wayunani. Walifungwa mabao matano kwa moja. Watu wa serikali wakawavamia, na timu ikafa siku aliyozaliwa.

Galatasaray ilianza 1905 ndani ya shule. Fenerbahçe yenyewe ilipoanzishwa 1907 iliwekwa siri, haikujitangaza mpaka mambo ya siasa yalipolegea mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye ikaja Vita Kuu, na baada ya vita majeshi ya Uingereza na wenzao wakaukalia mji. Mkuu wa majeshi hayo, Jenerali Harington, alitoa kikombe kishindaniwe baina ya askari wake na timu ya mji. Mechi ilichezwa tarehe 29 Juni 1923, upande wa pili wa maji, huko Taksim. Waingereza walitangulia kufunga. Fenerbahçe wakarudi wakashinda 2 kwa 1, mabao yote mawili akayatia Zeki Rıza, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo majeshi ya wageni yakaondoka Istanbul. Mtu hatasema kuwa yalifukuzwa na mpira. Lakini sisi ambao babu zetu walijifunza kandanda kwa wakubwa wa Kiingereza, tunajua utamu wa bao la namna hiyo hata bila ya kuwa Waturuki.

Na hayo malisho ya kasisi yalisawazishwa kuwa uwanja wa michezo mwaka 1908, yakapita mikono na majina, hata leo ni uwanja wa Şükrü Saracoğlu, uliopewa jina la waziri mkuu wa zamani aliyekuwa pia rais wa klabu. Unabeba karibu watu 50,000. Nilipofika langoni askari alinipapasa, akatoa tasbihi yangu mfukoni, akaitazama katika taa, akanirudishia kwa mikono miwili. Kiberiti cha mtu wa nyuma yangu kilitupwa pipani. Ndipo nikapanda ngazi, mguu wangu uliokataa miaka yote ile ukatangulia wenyewe, na ule ubichi wa nyasi ukanijia usoni chini ya taa.

MZEE WA KOTI LA KAHAWIA

Viti vyetu vilikuwa katikati ya jukwaa. Kushotoni kwangu alikaa mzee wa makamo yangu, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, kofia ya sufi, tasbihi mkononi. Pamoja naye alikuwa mtoto wa kiume wa miaka minane hivi aliyemezwa na skafu ya manjano. Mzee alinikaribisha kwa mbegu za alizeti, ambazo huko ndizo njugu za uwanjani. Watu huzibandua kwa meno bila ya kuacha kutazama.

Kabla ya mpira husimamiwa wimbo wa taifa. Maneno yake yalitungwa na Mehmet Akif, mshairi mcha Mungu aliyeikataa zawadi ya pesa aliyopewa kwa kazi hiyo mwaka 1921. Watu wote walisimama wakauimba, na yule mtoto akauimba kwa macho yaliyofumbwa. Kisha jukwaa la upande mmoja likapiga ukelele: "Sarı!", yaani manjano. Jukwaa la mkabala likajibu: "Lacivert!", yaani buluu nzito. Wakajibizana namna hiyo, huku na kule, na kila mara kifua changu kikatetemeka kama ngozi ya ngoma. Niliona mabinti wengi, wenye mitandio na wasio nayo, na sauti zao hazikuwa nyuma. Mwaka 2011 klabu ilipoadhibiwa kwa fujo za wanaume, wanaume walikatazwa kuingia, na tarehe 20 Septemba wanawake na watoto zaidi ya 41,000 wakaujaza uwanja huo peke yao.

Ya matusi nayo lazima niyaseme. Hakem alipopuliza kipenga asipotakiwa, watu 50,000 walimwambia neno kwa pamoja. Nikamwuliza mpwa wangu wamesema nini. Akatazama chini. "Wanamwombea dua, mjomba." Nilimshukuru Mungu kwa kutojua Kituruki, nikaona haya kwa ajili ya yule mtoto.

Wageni siku ile walitoka bara, mji wa mashamba ya ngano, nao wakivaa kijani. Jina la timu yao silitaji, na sababu yake itajulikana punde. Mashabiki wao mia chache walifungiwa katika kona ya juu, nyavu mbele yao na askari pembeni. Dakika kama ya ishirini winga wao alipokonya mpira, akapita mabeki wawili, akaachia mkwaju wa chinichini uliompita mlinda lango kwapani.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Watu maelfu yote wale, na sauti iliyobaki ni ya kile kikundi cha kona, nyembamba na ya mbali kama ya watoto wanaocheza mtaa wa pili. Yule mtoto wa kushotoni kwangu akaanza kulia. Nikageuka ili nimwonyeshe babu yake uso wa kumpa pole.

Mzee alikuwa akitazama mbele, hakutikisika. Lakini tasbihi ilikuwa imesimama kati ya vidole viwili, na vidole vile vilikuwa vikitetemeka. Midomo aliibana kama mtu aliyezuia chafya. Nikatazama tena. Juu ya kifungo cha kwanza cha koti, palipobonyea shingoni, palikuwa pamechomoza uzi wa sufi wa rangi ya kijani.

Akaniona nimeona. Tulitazamana kitambo. Kisha akaurudisha ule uzi ndani kwa kidole gumba, polepole, akamvuta mjukuu wake kifuani akaanza kumpapasa kichwa. Sikusema neno, hata kwa mpwa wangu. Watu wa safu ile hawakuwa wabaya, walitupa mbegu na maji. Lakini nilikwisha kuyasikia yale maombi yao kwa hakem, na siri ya mtu ni amana.

Kipindi cha pili Fener walishambulia mfululizo. Mimi nilitazama mpira kwa jicho moja na mzee kwa jingine. Kila kijani walipookoa, tasbihi ilisogea punje moja. Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi pakatokea penalti, ya haki kwa maoni yangu. Mpigaji aliuweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu, akaupeleka kushoto, kipa akaenda kulia.

Hapo, ndugu msomaji, nilijikuta nimesimama. Mikono iko juu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile iliyonitoka msikitini, ndefu, yenye mkokoto, isipokuwa safari hii haikuwa peke yake. Mpwa wangu alinishika bega akinitazama kama hajapata kuniona. Na yule mzee alikuwa amesimama vile vile. Alikuwa amemnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, kwa mikono ya mzee, ili aone vizuri wachezaji wakikumbatiana. Na mtoto alipoinama kumtazama babu, babu alikuwa akicheka.

Mpira ukaisha 1 kwa 1.

Saa tano kasoro tulikuwa gatini tunangoja meli, na mzee yule akatokea na mtoto wake katika foleni ile ile. Tulikaa benchi moja ndani, kwa kuwa nje upepo ulikuwa mkali. Mpwa wangu aliagiza chai nne, na mtoto akalala kabla yake haijapoa. Mzee akauliza kwangu ni wapi na kama kuna mpira. Kisha, akijua kwamba mimi najua, akamweleza mpwa wangu yote kwa sauti ndogo, naye akanifasiria. Alikuja Istanbul ujanani kutafuta kazi. Mwanawe alizaliwa hapa akawa Fener. Mjukuu naye Fener. Katika nyumba nzima kijani amebaki yeye.

Nikamwambia mpwa wangu amwulize kwa nini hakukaa kule kona, pamoja na watu wa kwao, ambako angepiga kelele apendavyo. Mara moja tu kwa mwaka timu yake huja kucheza pale.

Mzee alishangaa kuulizwa. "Na mtoto angekaa na nani?"

Taa za Asia zilikuwa zimebaki nyuma. Mlango wa ubaoni ukafunguka, baridi ya baharini ikaingia, na mtoto akajikunyata usingizini. Mzee alitazama huku na huku. Benchi za karibu zilikuwa zimejaa manjano, wengi wao wakisinzia. Akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaitoa ile skafu ya kijani iliyokuwa imemzunguka kifua tangu magharibi, akaikunjua, akamfunika nayo mtoto miguu.